Hori Walimozalia Mbingusi

Kuna asubuhi moja, mwanangu, imekaa kichwani mwangu zaidi ya miaka arobaini na haijachakaa. Nyingine nyingi za ujana zimefifia. Hata ya harusi yangu siku hizi dada yangu ndiye hunisimulia ilivyokuwa. Lakini hiyo naiona yote: mchanga ulioloa, kunguru wanarukaruka, wanawake wa kijiji wamesimama kimya, na Bi Mwanaidi amekishika kidole changu cha shahada anakipeleka kwenye tumbo la samaki mdogo aliyekufa.

Nitakufikisha huko kabla hujaenda masomoni, mjukuu wangu. Niruhusu tu nianzie mbali kidogo, maana mimi ni mtu wa Myamba, na mtu wa Myamba kufika baharini kuna hadithi yake.

Nilizaliwa huku huku juu, enzi ambazo mashamba yetu yalikuwa kahawa na migomba, tangawizi bado haijashika kama leo. Samaki tuliowajua ni wale wakavu waliopandishwa na wachuuzi siku ya gulio, wamekunjwa kama magome ya mti, na mama alikuwa akiwaloweka usiku kucha ndipo wapikike. Kwa hiyo siku barua ilipokuja kwamba nimechaguliwa kusomea uvuvi, mama aliisoma mara mbili, akaniambia, "Nakijwa, hawa watu wamekosea jina." Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alisema kama Bwana aliwaita wavuvi basi na mimi niende nikawaone wakoje. Nikaenda. Nikasoma. Nikapangiwa kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, nikiwa na miaka ishirini na miwili na viatu vya ngozi ambavyo chumvi iliviharibu ndani ya mwezi mmoja.

Jina la kijiji sitalitaja. Utaelewa kwa nini.

Afisa aliyenitangulia walimwita Bwana Samaki, basi mimi wakaniita Bibi Samaki. Kazi yangu ilikuwa kukaa pwani mashua zinapoingia, kupima samaki na kuandika. Nyumba ya serikali haikuwepo, nikapangishwa chumba kwa Bi Mwanaidi, mjane wa umri wa mama yangu, aliyeishi na binti yake Mwajuma, wakati huo mtoto wa shule. Bi Mwanaidi ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa papa pale kijijini. Wavuvi wakileta papa, yeye ndiye humpasua, humtoa ini la kuchemshia mafuta, humchana vipande, humtia chumvi na kumwanika juani. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya ngozi ya papa, ambayo ukiipapasa kwenda mkiani ni laini, ukirudi kichwani ni msasa.

Miezi ya mwanzo nililia sana, nisikufiche. Nililia kwa joto. Nililia nikikumbuka ukungu unavyoingia hadi jikoni asubuhi na moshi wa kuni unavyokataa kutoka. Jioni moja Bi Mwanaidi alinikuta nimekaa na sahani ya wali sijaigusa, akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikamwambia makande. Kesho yake aliyapika, mahindi na maharage, lakini akayatia nazi. Si makande niliyoyajua. Niliyamaliza yote, na tangu siku hiyo sikulia tena mbele yake.

Sasa sikiliza habari ya mbingusi. Ni papa yule mwenye kichwa kipana kilichotanuka pande mbili kama nyundo, na jicho moja kila upande mwishoni kabisa. Chuoni nilimwona kwenye picha. Siku ya kwanza kumwona mwenyewe aliletwa jike mkubwa aliyenasa kwenye jarife, nyavu zao za papa, mrefu kuliko mimi na mtu mwingine tukilala tumeunganisha miguu.

"Njoo uione kazi yako, Bibi Samaki," Bi Mwanaidi aliniita, akampasua tumbo.

Nilitegemea mayai. Mwanangu, mle ndani mlikuwa na watoto. Ishirini na watatu, tuliwahesabu tukiwapanga kwenye jamvi, kila mmoja urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, kila mmoja na kamba yake ya kitovu.

"Kumbe hatagi?" nikauliza.

"Mbingusi huzaa," alisema, "kama nilivyomzaa Mwajuma. Anawabeba karibu mwaka. Mwanzoni mtoto anakula kiini, kama kifaranga ndani ya yai. Kiini kikiisha, kile kifuko chake hujishikiza kwa mama, kikawa kondo. Tazama." Akakinyanyua kimoja na kunionyesha. Kisha akashika kichwa cha mtoto na kukikunjua kwa vidole, maana ile nyundo ilikuwa laini, imekunjwa kurudi nyuma. "Huko tumboni vichwa hukaa vimekunjwa hivi. Mungu angeviacha wazi, ni mama gani angezaa?"

Wanawake wengine wakacheka. Mimi nilikuwa naandika.

Halafu akakigeuza kichwa cha yule jike, akaniambia nitazame upande wa chini. Palikuwa na vitundu vingi sana, kama vya sindano. Akaminya, pakatoka ute mzito. "Kwa hivi vitundu anamsikia taa aliyejifukia chini ya mchanga. Hamwoni, hamnusi. Anapitisha kichwa juu yake tu, kama mtu anayetafuta kitu kwa mkono gizani." Baadaye nilisoma kwamba kila kiumbe hai hutoa umeme kidogo mno mwilini, na mbingusi huupokea kwa ile nyundo yake pana. Bi Mwanaidi hakujua neno umeme linahusika vipi. Lakini yote niliyoyasoma baadaye, yeye alikuwa ameshaniambia kwa lugha yake.

Nilimpenda. Nilitaka kujua kila alichokijua, nikawa namfuata kama kifaranga, na yeye akafurahi, kwa sababu Mwajuma alikuwa akiziba pua kila akisikia harufu ya papa.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wangu wa kwanza, joto limekolea, aliniambia niongozane naye. Tulitembea saa nzima kupita mikokoni hadi kwenye hori moja, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, maji yake ya kahawia kama chai ya maziwa. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida. Tukapandisha khanga, tukaingia hadi magotini, tukasimama.

"Usisogee," alisema.

Sikuona kitu. Kisha nikahisi. Kitu kilipita kwenye kigimbi cha mguu wangu, kikakwaruza kidogo kama ulimi wa paka. Kikapita kingine. Halafu nikaanza kuona mapezi madogo yakiukata uso wa maji, sita, kumi, nikashindwa kuhesabu, yanazunguka pamoja, yanageuka pamoja. Watoto wa mbingusi. Walikuwa wametuzunguka sisi wawili kama vile sisi ni miti ya mikoko.

"Mama zao wanaingia maji yakijaa," Bi Mwanaidi aliniambia kwa sauti ya chini, "wanazaa, na maji yakianza kutoka na wao wanatoka. Hawarudi."

"Wanawaacha?"

"Wanawaacha mahali pema. Haya maji ni machafu, papa wakubwa hawaoni wala hawapendi kuingia. Wala hawaachi watoto na njaa, wamewawekea akiba kwenye ini la kila mmoja. Wiki za mwanzo wanakula akiba hiyo huku wanajifunza kukamata kamba na visamaki. Wengine hawajifunzi, wanakufa. Wanaojifunza wanakaa humu mwaka, mwaka na zaidi, ndipo wanatoka baharini." Akanitazama. "Bibi yangu alinileta hapa nikiwa sijavunja ungo. Kijiji kizima kinajua, na miezi hii hakuna anayetupa wavu hapa. Lakini hapasemwi kwa mgeni, na hapaandikwi. Umenielewa, Nakijwa?"

Hakuniita Bibi Samaki. Aliniita Nakijwa.

Nikamjibu nimeelewa. Na kweli nilielewa. Usidhani nilikuwa mjinga, mwanangu. Watu wengi wanaoharibu si wajinga.

Mwisho wa mwezi huo tuliitwa mjini, maafisa wote wa samaki wa pwani ile, kila mmoja aeleze ya kwake. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Zamu yangu ilipofika nikasoma vipimo vyangu, nikasikia kicheko pembeni. Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi kazini, akasema, "Binti wa mlimani huyu, samaki amewajulia wapi? Huko kwao hata kambale ni mgeni." Chumba kizima kikacheka. Hakuwa na ubaya mkubwa, ulikuwa utani. Leo ningecheka nao.

Siku ile damu ilinipanda masikioni. Nikaiweka karatasi chini, nikaanza kusema bila kusoma. Nikawaeleza mbingusi anavyobeba mimba, kiini kinavyogeuka kondo, kichwa kinavyokunjwa. Wakanyamaza. Ule unyamavu ulikuwa mtamu, mwanangu, sina namna nyingine ya kuueleza. Nikaendelea. Nikasema nimesimama katikati ya watoto wa mbingusi zaidi ya mia, wamenipita miguuni. Nikasema hori gani. Nikasema mwezi gani.

Nyuma ya chumba alikuwa amekaa mnunuzi mmoja wa samaki aliyekuwa akialikwa kwenye mikutano hiyo, jina lake Kombo, mtu nadhifu, mpole. Yeye peke yake hakuwa amecheka pale mwanzo. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, dada yangu. Wanaingia kwenye bamvua au kwenye maji mafu?"

Nilifurahi kupata mtu aliyeuliza swali la maana. "Bamvua," nikamjibu. "Maji yakiwa yamejaa kabisa."

Akanishukuru, akatingisha kichwa taratibu kama mtu aliyepata elimu.

Bamvua iliyofuata, asubuhi, nilikuwa nakunywa chai uani Mwajuma alipoingia mbio hana viatu. Alinivuta tu gauni. Nikamfuata hadi pwani, karibu na mdomo wa hori.

Mashua tatu ngeni zilikuwa zimepwelewa kwenye mchanga. Jioni iliyotangulia, maji yalipojaa, wenye mashua hizo walikuwa wameuziba mdomo wa hori kwa nyavu za matundu madogo, wakasubiri maji yatoke. Mbingusi hawezi kutulia, mwanangu. Samaki wengine wanaweza kusimama mahali pamoja wakapumua, lakini yeye lazima aogelee ili maji yapite mdomoni na kwenye mashavu yake. Akinasa tu akashindwa kwenda mbele, amekwisha, ni suala la dakika. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa hai ila wachache waliokuwa juu juu ya nyavu. Walikuwa wamelazwa kwenye mchanga mistari kwa mistari, na mistari ilifika mbali. Mama kadhaa pia walikuwamo, waliochelewa kutoka.

Nilimwona mmoja mdogo anatikisa mkia. Nikamnyakua nikaingia naye majini na nguo zangu, nikawa natembea nimemshika mbele yangu ili maji yamwingie mdomoni, nakwenda, nageuka, narudi. Sijui nilitembea muda gani. Kuna wakati nilihisi amepata nguvu. Nilipomwachia alizama, akalala chini kiubavu.

Nilipotoka majini Kombo alikuwa amesimama pale, suruali imekunjwa vizuri. Wanawake wote wa kijiji walikuwa wamefika, na wazee wanaovua kwa mishipi, na Bi Mwanaidi. Kombo akaniinamia kwa heshima.

"Ahsante sana, Bibi Samaki," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Ulivyosema ndivyo tulivyokuta."

Hakukusudia kuniaibisha, naapa. Alikuwa ananishukuru tu.

Bi Mwanaidi alinijia, akanishika kidole, hiki hapa, akakipeleka kwenye tumbo la mbingusi mdogo aliyekuwa mwisho wa mstari. Kati ya mapezi ya kifuani palikuwa na kitovu, mpasuko mdogo mwekundu.

"Kimefunga?" akaniuliza.

Nikapapasa. Kilikuwa laini bado. "Hakijafunga," nikasema.

"Basi huyu ni wa jana." Akakiachia kidole changu. "Nilikuonyesha wewe, Nakijwa."

Ni hayo tu. Akageuka akaenda nyumbani. Siku ile hakupasua samaki hata mmoja, na wanawake wengine nao hawakupasua. Watu wa Kombo walipakia wenyewe.

Labda unadhani alinifukuza. Angenifukuza ningepona mapema. Jioni alinitengea chakula kama kawaida, makande ya nazi, akaniuliza kama chumvi inatosha. Kesho yake vivyo hivyo. Ila hakuniita tena nikaone kitu. Papa wakija, alipasua na kunitajia vipimo, nami nikaandika. Nikimuuliza swali alinijibu jibu la kulitosheleza swali, basi. Sikuwahi kumwomba msamaha. Kila siku nilisema nitamwambia kesho, na kila kesho ilikuwa ngumu kuliko jana, hadi nikaona rahisi kuomba uhamisho.

Nikahamishiwa Mwanga, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kupima perege. Siku ya kuondoka, Bi Mwanaidi alinisindikiza hadi kwenye lori, akanipa mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa. Akasema, "Ukifika tuletee salamu." Nikamwambia nitaandika.

Sikuandika. Mwaka wa kwanza aibu ilinizuia. Mwaka wa tano nikasema amenisahau. Mwaka wa ishirini nikasema bila shaka amekufa. Nikaolewa na mwalimu, nikazaa watatu, nikamzika mwalimu wangu, nikastaafu nikarudi huku Myamba kulima tangawizi. Na nikuambie kitu ambacho watoto wangu hawakijui. Nilipokuwa pwani nilikuwa naota ukungu. Niliporudi kwenye ukungu nikaanza kuota hori. Mpaka leo kuna asubuhi naamka nikihisi ule mkwaruzo mguuni. Kuna harufu ya chumvi na matope ya mikoko ambayo haipo popote milimani kwetu, nami naitafuta. Nikishuka Same siku ya soko huwa nasimama mbele ya meza za samaki wakavu bila kununua, navuta pumzi tu, wauzaji wananiona bibi aliyechanganyikiwa.

Ndivyo nilivyompata mama mmoja, miaka miwili iliyopita, mwenye lafudhi ya pwani ile. Nikamsalimu kwa kawaida, nikamuuliza ametokea wapi, akataja kijiji. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari za marehemu Bi Mwanaidi, mtengeneza papa.

"Marehemu?" akashangaa. "Yupo, bibi. Macho tu ndiyo yamemwacha."

Wiki hiyo hiyo nilichukua bodaboda kushuka Ndungu, kijana ananiambia, "Bibi, jishikilie," kila kona, kutoka huko nikapanda basi. Nililala Tanga. Asubuhi ya pili nilikuwa mlangoni pake. Nyumba imepauliwa bati jipya, lakini uani ni pale pale. Mwajuma alinifungulia, mama mtu mzima mwenye mvi, akanitazama sana, kisha akaziba mdomo kwa khanga.

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo, macho meupe.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi," nikasema.

Aligeuza sikio upande wangu. "Marahaba. Sema tena."

"Shikamoo, mama."

"Huyu ni Nakijwa," alisema. Hakuuliza. Akanyoosha mikono hewani, nikaenda nikapiga magoti, akanishika uso, akaupapasa wote na ile mikono yenye makovu.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, kutoka Ndungu hadi Tanga, maneno mazuri ya toba. Yote yakanikimbia. Nikasema, "Mama, nilikukosea. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lile la hori?"

"Kwa lile la hori."

Akacheka, mwanangu. Kicheko kile kile cha kifuani. "Nilikasirika, sikudanganyi. Nilikasirika msimu ule, na msimu uliofuata mama mbingusi walipokuja watatu tu, nikakasirika tena. Baada ya hapo hasira ikaisha. Mimi nilikuwa na kazi zangu." Kisha kicheko kikakatika. "Ila wewe nilikungoja. Nilikuwa nawauliza madereva. Nilimwambia Mwajuma, yule mtoto alilia kwa joto, sasa yuko kwao kwenye baridi, kwa nini haandiki? Nikadhani umekufa, Nakijwa. Nikakuombea kama mtu aliyekufa."

Hapo ndipo nilipolia. Miaka arobaini nilidhani kuna mtu amenikasirikia huko pwani, kumbe kuna mtu alikuwa ananingoja.

Nilikaa kwake siku tisa. Alinieleza kwamba walikaa miaka na miaka hori likiwa karibu tupu, kwa sababu jike wa mbingusi hukaa miaka kama kumi na tano ndipo azae, na ukiondoa watoto wa msimu mmoja umeondoa na mama wa baadaye. Wanakijiji wenyewe wamekubaliana tena kulilinda, wanawake ndio wanaolinda. Siku ya bamvua aliniambia, "Mimi sioni. Nenda na Mwajuma ukanitazamie."

Tukaenda. Mwendo ule wa saa moja ulinichukua saa mbili. Nikaingia majini hadi magotini, bibi kizee, Mwajuma kanishika mkono. Tulisimama muda mrefu. Hawakuwa mia. Walikuwa saba, nilihesabu mara tatu. Hawakunigusa, walipita mbali kidogo, wakageuka pamoja, wakapotea kwenye maji ya kahawia.

Nilimpelekea habari. "Saba," nikamwambia.

"Saba," alirudia, akalitafakari neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi. "Na umemwambia nani?"

"Wewe tu, mama."

Akanipiga kofi jepesi la paja, tukacheka mpaka Mwajuma akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Alifariki miezi mitano baadaye. Mwajuma alinipigia simu nikiwa shambani na jembe mkononi. Sikufika mazishini, mvua ilikuwa imekata barabara ya kushuka. Nilikaa chini kwenye udongo uliolowa nikatazama upande wa mashariki, ambako hakuna kinachoonekana ila mawingu, na mpaka sasa nikitazama huko kifua hunibana. Sidhani kama kitaacha, na sitaki kiache.

Sasa mwanangu, ninalotaka kukuambia. Utasoma kuliko nilivyosoma mimi, na mkononi una simu ambayo kwa kugusa mara moja inaweza kupeleka mahali pa siri kwa watu wengi kuliko waliokuwa kwenye kile chumba mjini. Mtu akikuonyesha kitu chake cha thamani, awe mvuvi au mganga wa mitishamba au bibi yako, jiulize kwanza amekuonyesha wewe kama nani. Kama amekuonyesha kwa sababu anakupenda, basi hukupewa kitu cha kujisifia. Na ukiona watu wanakudharau, waache wakudharau kwa siku hiyo moja. Dharau inapita, mimi nimeiona ikipita. Usitoe kisicho chako ili ununue heshima ya watu ambao kesho hutakumbuka majina yao.

Lakini kubwa kuliko hilo ni hili. Utakosea. Nakujua, wewe ni damu yetu, utakosea tu. Ukimkosea mtu, nenda. Nenda wiki hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama hujui uanze na neno gani. Usikae ukajitungia mwenyewe hasira ya mwenzako na kuilisha mwaka baada ya mwaka. Huenda hasira yenyewe iliisha siku nyingi, na unayemkimbia anachungulia barabarani kila gari likisimama. Mimi nilipata siku tisa. Ningeweza kupata miaka arobaini.

Kama kuna mtu umemkumbuka wakati nasema haya, usiningoje nimalize. Mpigie.

Mungu akutangulie unakokwenda, nchi kavu na majini. Akupe watu wa kukuonyesha mambo, na akupe kifua cha kuyatunza. Ukikosea akupe miguu ya kurudi mapema, na ufikapo umkute mwenyewe yupo, ana masikio ya kukusikia na mikono ya kukushika uso. Amina, mwanangu. Nenda salama.